Nimelipia viini viwili vya prosesa, maktaba ya msimbo ikahesabu na vya majirani

Assalaam alaykum wanajamvi. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Studio moja ya picha za harusi hapa Chake Chake inatumia programu niliyoiandika ya kupunguza ukubwa wa picha, nayo inategemea maktaba ya msimbo (msimbo uliokwishaandikwa na wengine, wa kutumia ndani ya programu yako) niliyoinunua kwa fedha zangu. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, programu ilizimika mara tatu kwenye seva ya kukodi ambayo nimelipia viini viwili tu (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi peke yake). Kumbukumbu za seva zikanionesha kwamba maktaba ilianzisha nyuzi 64, yaani kazi 64 za kwenda sambamba, kwa kuwa mashine nzima ina viini 64, na kila uzi ukapakia picha yake kwenye memori mpaka mfumo wenyewe ukaiua programu.

Viini 62 katika hivyo ni vya wapangaji wenzangu. Mgao wangu ndani ya kontena la Linux, yaani sehemu iliyotengwa kwa ajili yangu ndani ya mashine, umeandikwa katika faili la cpu.max, na nimelifungua kwa mkono wangu: 200000 100000. Maana yake ni kwamba katika kila mikrosekunde 100,000 zinazopita, naruhusiwa muda wa prosesa wa mikrosekunde 200,000, yaani viini viwili. Lugha ya Java imekuwa ikiheshimu mgao wa kontena tangu toleo la 10, mwaka 2018. Hawa walioniuzia maktaba wameuliza sysconf, amri ya kuuliza mfumo habari za mashine, wakaridhika, ilhali sysconf hutaja viini vilivyowashwa kwenye mashine; ulichoruhusiwa wewe haina habari nacho.

Nilipowaandikia walinijibu niweke idadi mwenyewe kwenye mipangilio. Sasa yale matangazo ya kuwa inafanya kazi kwenye mfumo wowote bila ya marekebisho yalikuwa ya nini?

Na kompyuta kongwe ya kaunta pale studio ina kisa chake. Huko maktaba inatumia hardware_concurrency, amri ya lugha ya C++ ya kuuliza idadi ya nyuzi zinazoweza kwenda sambamba, ambayo kanuni za lugha hiyo tangu 2011 zinairuhusu kujibu sifuri idadi isipojulikana. Ikajibu sifuri, nao wakagawanya picha zote kwa sifuri hiyo bila ya kuikagua! Hata mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza angeweka sharti la mstari mmoja.

Nataka wasome mgao kabla ya kuhesabu mashine, na sifuri waichukulie kuwa moja, ama wanirejeshee fedha zangu. Aliyewahi kurejeshewa na wauzaji wa namna hii anieleze alipitia njia gani.