Re: Glovu ya kipa bora wa bonanza, tunahesabuje?

Katibu wa michezo:
Wapendwa, habari za jioni. Bonanza ni timu sita, saba kwa saba, mechi dakika 30, kila timu mechi tano. Safari hii kuna glovu ya kipa bora. Naomba wanaojua hesabu za Ulaya wasaidie kabla ubishi haujahamia uwanjani.

Mwanachama, Valencia:
Katibu, usifuate ya England. Kule Glovu ya Dhahabu ni ya kipa mwenye mechi nyingi bila kufungwa, basi. Ilipoanza msimu wa 2004–05 aliichukua Petr Čech wa Chelsea kwa mechi 24, na hiyo bado ni rekodi. Lakini Chelsea ile iliruhusu magoli 15 tu ligi nzima. Glovu ni yake, ukuta nao una sehemu yake. Kwa hesabu hiyo, kipa asiyefungwa mechi tatu halafu akapigwa saba ya nne anampita aliyefungwa moja moja kila siku.

Huku Hispania kuna tuzo ya Zamora ya gazeti la Marca. Unagawanya magoli aliyofungwa kwa mechi, mwenye namba ndogo anashinda. Ramallets na Valdés, makipa wa Barcelona, waliichukua mara tano kila mmoja, na Oblak wa Atlético Madrid akaifikia idadi hiyo mwaka 2021. Dawa yake ni kiwango cha chini: mechi 28 kati ya 38, tena awe amecheza angalau dakika 60 katika kila moja. Bila hicho kipa wa akiba aliyecheza mbili anaondoka na kombe.

Kwenu tumieni dakika badala ya mechi: magoli, gawanya kwa dakika, zidisha kwa 30. Aliyecheza 150 na kufungwa 4 anapata 0.8. Aliyeingia dakika 60 akafungwa 1 anapata 0.5, ndiyo maana lazima kuwe na mpaka. Robo tatu ya 150 ni 112 na nusu; wekeni 115.

Mwanachama, Torino:
Naongezea la dakika za majeruhi: haziingii. Mfano mzuri ni Buffon, kipa wa Juventus, dakika 974 bila kufungwa katika Serie A, ligi kuu ya Italia, mwaka 2016. Cassano wa Sampdoria alimfunga dakika ya 64, zikabaki 26. Zikafuata mechi kumi bila goli, 900. Kisha Belotti wa Torino akafunga penalti dakika ya 48. Jumlisha: 974 kamili. Zenga, kipa wa Italia, vivyo hivyo Kombe la Dunia 1990: mechi tano ni 450, Caniggia wa Argentina akamfunga mjini Napoli dakika ya 67, jumla 517. Hata refa aongeze sita, kipindi cha pili kinafungwa kwenye 90.

Na tazama, rekodi ya Buffon ilikatwa na penalti. Kwa hiyo penalti ya ndani ya mchezo inahesabiwa, ya kupigiana matuta haihesabiwi. Goli la kujifunga nalo mwandikieni kipa, vinginevyo mtabishana kila mpira uliomgusa beki.

Mwanachama, London:
Kaka wa Torino kamaliza, ila msichanganye kipa na timu. Arsenal ya 2005–06 ilikaa dakika 995 bila kufungwa Ligi ya Mabingwa, lakini za kipa wake Lehmann mwenyewe ni 853, nyingine alikuwapo kipa mwenzake Almunia golini. Fainali pale Paris Lehmann akala nyekundu mapema, na Eto'o wa Barcelona aliposawazisha aliyekuwa golini ni Almunia. Karatasi yenu iwe na jina la kipa, dakika aliyoingia na dakika aliyotoka. "Timu B, 0" haitoshi.

Na kama mtapiga kura, zisipigwe kabla ya fainali. Mwaka 2002 Oliver Kahn alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Kombe la Dunia, kipa pekee kuwahi kuipata, na kura zilipigwa kabla ya fainali. Kwenye fainali pale Yokohama akautema mpira wa Rivaldo wa Brazil, Ronaldo akamalizia. Sisemi hakustahili, mechi zilizotangulia aliibeba Ujerumani mabegani. Ila kwenu watu watasema mpaka Krismasi.

Mkilingana je? England hugawana: 2013–14 Čech na Szczęsny wa Arsenal, mechi 16 bila kufungwa kila mmoja. Kama hela ni ya glovu moja, amueni mapema kwamba aliyecheza dakika nyingi ndiye anaichukua.

Katibu wa michezo:
Ahsanteni sana. Nimeandika: mpaka wa dakika 115, penalti ndani, matuta nje, jina hadi baada ya fainali lisichongwe. Viwanja ni viwili kwa wakati mmoja na mwenye saa ni mimi peke yangu. Nani atashika karatasi uwanja wa pili, ambaye mwanawe si kipa?