Mashine ya kusaga kwenda Ujiji: ifunguliwe au iende nzima?

Ndugu zangu wa Kigoma, habari za huko? Nipo Hamburg. Nimepata mashine ya kusaga iliyotumika, nataka imfikie mama Ujiji. Wakala anasema niifungue ikae vizuri ndani ya kontena. Naogopa vipande vitapotea njiani. Nani ameshafanya?

---

Kaka, salama. Nimerudi Mwanga, hapa Kigoma, mwaka jana. Ifungue, wala usiogope. Njia hiyohiyo, Hamburg, Dar, kisha reli mpaka Kigoma, ilipita meli nzima. Liemba yetu, meli ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikaletwa kwa makasha yapatayo 5,000. Reli yenyewe, iliyoanza Dar 1905 na kupita Tabora 1912, ilikuwa imefika ziwani Februari 1914 tu. Mwaka mmoja baadaye meli ikaelea.

Majina ya mafundi watatu waliotoka nayo Papenburg yanatajwa mpaka leo. Waafrika na Wahindi waliobeba vyuma vile na kupigilia ribiti kwenye jua la Kigoma, sijawahi kukutana na jina lao hata moja. Linaniuma kila nipitapo bandarini.

Turudi kwenye mashine. Piga picha kabla ya kugusa bolti yoyote. Namba ziandike kwa rangi juu ya chuma chenyewe, na bolti za kila kipande zifunge kwenye mfuko ufungwe papo hapo kwenye kipande chake. Halafu grisi, usiionee huruma! Wajerumani walipoizamisha meli ile Julai 1916 isitekwe vitani, walizipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, injini bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini. Mimi niliyetuma mashine ya kukamua mawese bila grisi, shafti ilifika imeliwa na kutu, beringi haiingii. Fundi aliisugua kwa msasa siku mbili.

---

Ahsante sana dada. Grisi nimeshanunua, kopo mbili. Ila mota yake ni ya fezi tatu, na kwa mama umeme ni fezi moja.

---

Basi mota iache hukohuko, upunguze uzito. Tuma puli na mkanda wake, na unipimie kipenyo cha shafti. Injini ya dizeli tutaifunga hapa.