Mjadala: Wazazi wametalikiana, mmoja hataki mtoto abatizwe. Padre amsikilize nani?

Mleta mada: Tuchukue hali hii. Mtoto ana miaka 4, anaishi na mama yake, Mkatoliki. Talaka imeshatoka. Baba ni Mpentekoste, anasema mtoto mdogo hajui anachofanyiwa, aachwe akue aamue mwenyewe. Mama keshapeleka jina parokiani, ubatizo ni Pasaka. Abatizwe au asibatizwe? Hoja tu, matusi hapana.

Katekista: Abatizwe. Kanuni ya 868 ya Sheria za Kanisa za 1983 inadai mambo mawili: angalau mzazi mmoja akubali, na pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Talaka haimo humo. Wale wanaomwambia mama "katengeneze ndoa yako kwanza" wanachanganya mambo. Kuolewa tena nje ya Kanisa kunaweza kumzuia yeye kukomunika, lakini si sababu ya kumnyima mtoto maji.

Mpinzani: Hilo tumaini umeliruka mbio mno. Jumapili mbili kila mwezi mtoto yuko kwa baba, wanakwenda wote kanisani kwake, na huko anaambiwa kunyunyiziwa maji si ubatizo. Kanuni hiyohiyo inasema tumaini likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe na wazazi waelezwe sababu.

Katekista: Umesema mwenyewe: "likikosekana kabisa." Hapa limepungua, halijakosekana. Paroko aulize nani atampeleka mtoto mafundisho ya komunyo ya kwanza, siku gani. Na msimamizi wa ubatizo atazamwe vizuri. Kwa kawaida awe ametimiza miaka 16, amepata kipaimara, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Watu huchagua rafiki mwenye uwezo wa kununua keki kubwa. Katika hali hii, bora mjomba anayekaa mtaa mmoja na mtoto.

Mwanasheria: Ninyi mko altareni, tatizo liko mahakamani. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 126, inaruhusu amri ya malezi iweke sharti kuhusu dini atakayolelewa mtoto. Wengi hawaombi. Wanapigania nyumba na pesa za matunzo, amri inatoka kimya kuhusu dini, halafu ugomvi unazuka sakristia. Baba mwenye pingamizi arudi mahakamani aombe amri irekebishwe, maana barua ya kumtisha padre si amri. Mama naye asijidanganye. Dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama inaweza kupingwa, na inahusu akae na nani, haisemi asali wapi.

Mlutheri: Baba aelewe pia kwamba ubatizo haufutiki. Hata mtoto akibatizwa kwetu KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, Wakatoliki hawambatizi tena. Kanisa la baba pengine litamzamisha upya akikua, lakini jina linabaki kwenye daftari la parokia. Siku akitaka kufunga ndoa Kikatoliki, ataombwa cheti kipya kutoka parokia aliyobatiziwa.

Mpinzani: Ndiyo maana nasema wasubiri!

Katekista: Wanaweza, ila wajue wanasubiri nini. Akitimiza 7 anahesabiwa kuwa na matumizi ya akili, hivyo anaandaliwa kama mkatekumeni, yaani anayefundishwa imani kabla ya kubatizwa, na anaulizwa yeye mwenyewe. Baba anaweza kuona hiyo ndiyo nusu ya alichotaka. Wakishindwa kuelewana sasa, mazungumzo yaanzie hapo.

Mleta mada: Na mama akijaza fomu "baba hajulikani" ili asiitwe?

Katekista: Hapo ndipo mambo huharibika. Jina la baba liandikwe lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukiandika uongo daftarini, mtoto ndiye atakayehangaika baadaye, vyeti viwili vikiwekwa mezani visipatane.