Neno gani la Kingereza linakukera? Langu ni "severally", na limenikosanisha na mzee wa watu

saiba_Kondele
Habari zenu wadau. Mimi ni wa kutaipu kazi za watu hapa Kisumu, nina kasaiba, kaduka ka kompyuta na kuprinti, karibu na raundabauti ya Kondele, na kwa miaka nane nimeona Kingereza cha kila rangi, barua za kazi, CV, miniti za chama, hata barua za kuachana. Mengine nishazoea. "Equipments", "furnitures", "staffs", "discuss about", hizo narekebisha kimyakimya na mwenye kazi hata hajui. "Advice" na "advise" nabadilisha macho yakiwa yamefungwa. Siku hizi vijana wananiletea "could of", hiyo nayo hatujaanzisha sisi, wazungu wenyewe huandika hivyo kwa sababu "could've" ukiitamka mbio ndivyo inasikika.

Sasa wiki jana kuna mzee kutoka upande wa Kano alileta wasifu wa marehemu kakake, kurasa nne za mkono, mazishi Jumamosi. Ndani kumeandikwa "he was admitted severally". Mimi na kiherehere changu nikaweka "several times", kwa sababu ukifungua kamusi "severally" ni kila mmoja kivyake, haina uhusiano na mara nyingi. Nikaprinti kopi mia mbili. Mzee akavaa miwani akasoma polepole akiwa amesimama, kufika hapo akaweka kidole. "Nyathina (mwanangu), nani alikutuma ubadilishe maneno ya familia?" Nikamweleza mambo ya kamusi. Akaniambia marehemu alikuwa karani na alisema severally maisha yake yote, na kila mtu pale bomani anasema severally, sasa watu wakisoma hiyo yangu watajua imeandikwa na mtu ambaye hakumjua. Nikaprinti upya, karatasi na wino juu yangu.

Kwa hivyo nauliza mambo mawili. Nyinyi ni neno gani la Kingereza linawakera? Na ile siku ya mzee, nilikosea ama sikukosea?

jirani_wa_London
Kabla hamjaniuliza, London ya Nakuru, mtaa uko, si ile ya Mfalme 😂

Mimi makosa hayanikeri, wanaonikera ni wale wa kucheka watu ati wanashrabu, yaani lugha ya mama inaingia kwa matamshi ya Kingereza. Mamangu ni Mkikuyu, "rice" na "lice" kwake ni kitu kimoja na hakuna mtu amewahi kula chawa kwa meza yake. Shemeji fulani alimcheka mbele ya wageni nikanyamaza kwa heshima, lakini nilienda kusoma na sasa nikona jibu. Chukua "colonel". Imeandikwa na l mbili, ile ya kwanza mzungu anaitamka r. Kisa ni kwamba Waitaliano walikuwa na "colonnello", Wafaransa wakawa wanasema "coronel", Waingereza wakashika spelingi ya huku na matamshi ya kule wakaacha hivyo hivyo mpaka leo. Sasa huyo si ndiye ameshrabu l na r kushinda mamangu? Sisi tuliandika kanali, tunasoma kanali, kwisha.

Ja_Nyalenda
Na sisi Wajaluo mnatucheka na "s" na "sh" ati tunasema "fis". Angalia "sugar" imeandikwa aje halafu uniambie nani anasoma vizuri 😂😂

mwalimu_mstaafu_Kakamega
Mulembe. Nilifunza Kingereza miaka 31 shule za msingi kwa hivyo hapa lazima niingie.

Dada wa saiba, kikamusi uko sawa. Lakini mzee alikuwa na haki zaidi yako, maana wasifu ni sauti ya nyumba, na hapo kwao hakuna hata mmoja angesoma "admitted severally" aelewe vingine. Neno likishaeleweka na mji mzima hilo limeshapata kazi pale, hata kama kwa babu yake lilikuwa na kazi ingine.

Wacha niwaambie jambo ambalo huwa silisemi. Mwaka wa 1988 nilimchapa mtoto wa darasa la tano kwa kusema "aks" badala ya "ask". Nilimchapa mara mbili kwa sababu alirudia. Enzi hizo pia kulikuwa na ile mbao ya kuvalishwa shingoni ukipatikana unaongea Kiluhya, na mimi ndiye nilikuwa mwenye mbao. Nikaja kustaafu, nikawa na wakati wa kusoma vitu, nikakuta kwamba Kingereza cha kale kilikuwa na zote mbili, "ascian" na "acsian", na Biblia ya Coverdale ya 1535 pale Mathayo 7, ombeni nanyi mtapewa, imeandikwa "axe". Yaani huyo mtoto angezaliwa Uingereza wakati huo angesomea kanisa zima kwa sauti na hakuna mtu angeguza kiboko. Sijui yuko wapi saa hii. Nikikutana naye pale Lurambi nitamnunulia chai na nimwambie.

Ile sheria ya "less" na "fewer" pia, ambayo nilikuwa naitisha nayo watoto, imetokana na bwana mmoja anaitwa Robert Baker, aliandika mwaka wa 1770 kwamba yeye anaona "fewer" ingependeza zaidi kwa vitu vya kuhesabika. Anaona tu! Wenye walikuja nyuma wakageuza maoni yake kuwa amri.

Kinachonikera mimi bado ni "its" na "it's". Hiyo siachi, mtanisamehe.

Ja_Nyalenda
Mwalimu umenigusa jaduong'. Hata mimi nilivaa hiyo mbao, yetu tuliiita disk.

nesi_Webuye
Mnacheza na severally nyinyi. Wacha niwape yangu.

Kuna mwenzangu wa kazi alitaka mkopo kwa sacco yetu, chama cha kuweka na kukopa, akaniomba nimdhamini pamoja na wengine watatu. Fomu imeandikwa "jointly and severally liable". Mimi nikasoma nikaelewa vile kila mtu hapa anaelewa, pamoja na mara nyingi, nikafikiri ni lugha tu ya kupamba fomu, nikasaini juu ya kaunta huku nikiwa na haraka ya shifti ya usiku. Miezi saba huyo mtu akaacha kazi akaenda, wengine wanasema Qatar wengine wanasema Saudia, simu haipatikani. Wadhamini wawili walikuwa wameshastaafu, wa tatu mshahara wake umebanwa na mikopo yake mwenyewe hakuna pa kukata. Deni lote likaja kwangu. Nikaenda ofisini moto moto, nikawaambia tulikuwa wanne, mgawe kwa nne, kijana wa pale akafungua fomu akaniwekea kidole hapo hapo kwa "severally". Kumbe maana yake ni kila mmoja wenu peke yake anaweza kudaiwa yote, wanachagua mwenye kushikika halafu mtajuana wenyewe baadaye nani amrudishie nani.

Wamekata payslip yangu miezi kumi na tisa. Kwa hivyo ile maana yetu pia ilitimia, wamenikata severally 😭

Dada, mzee mwachie neno lake. Lakini mtu akikuletea fomu ya mkopo utaipu, hapo msomeshe kabla hajasaini, hata akikasirika.

jirani_wa_London
Wueh. Pole sana sister. Na hiyo "debt" yenyewe b haitamkwi.

mwalimu_mstaafu_Kakamega
Haitamkwi kwa sababu haikuwa. Waliichukua kwa Wafaransa bila b, "dette", halafu wasomi wakaona aibu ya kukosa kufanana na Kilatini, "debitum", wakapachika b kwa maandishi na mdomo ukakataa. "Island" nayo s yake iliingia kwa kosa kama hilo. Watoto wa Mfangano wanaishi ndani ya hiyo ailandi na wanakatwa maksi kwa s ambayo haikuwa na haki ya kuwa hapo. Pole mama nesi, nilisaini fomu kama hiyo mara tatu na Mungu tu.

Mkosoaji254
Nyinyi wote mnaongea Kingereza na hapa mmeandika "payslip yangu", "kamusi" sijui nini, "ka-saiba". Anzeni na Kiswahili chenu. Mtu wa Kisumu anasema "kitabu yangu imepotea" na hakuna anayefungua thredi.

Ja_Nyalenda
Kitabu yako imepotea wapi omera tukusaidie kutafuta

mama_wa_Busia
😂😂😂 Mimi linanikera moja tu, mtu anatoka kwa nyumba anasema "I'm coming" na anaenda. Najua ni "nakuja" yetu, lakini mume wangu alisema hiyo saa kumi jioni akarudi saa sita usiku.

Halafu msijisumbue sana na kamusi za wenyewe, Oxford mwaka wa 2022 waliingiza maneno mengi ya huku Afrika Mashariki, chips mayai iko ndani. Severally yetu iko kwa laini.

saiba_Kondele
Nimesoma zote, asanteni. Mwalimu nimekubali, mzee alikuwa sawa, na nimeandika kwa ukuta wa saiba: MANENO YA MAREHEMU HAYABADILISHWI. Mkosoaji na wewe karibu Kondele, nitakutaipia bure.

Nesi, yako imenikosesha usingizi. Mwaka juzi nilimdhamini kasini wangu, nikasaini bila kusoma, na mimi ndiye nasomeanga watu. Asubuhi nimetoa kopi kwa droo. Ukurasa wa pili, laini ya tatu kutoka chini, iko hapo imekaa, "jointly and severally". Nimempigia huyo kasini kumsalimia tu. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.