Nafsi yanisuta na mwenye haki keshafariki

mwana_langoni: Waungwana nisaidieni, 2019 pale sokoni karibu na ngome ya Lamu bibi muuza mahamri alinipa chenji ya elfu nami nilitoa mia mbili tu, nikanyamaza nikenda zangu. Sasa keshafariki, kila nikinusa iliki kifua chabana. Nimetubu weeh, mbona haiondoki?

kijana_shela: 800 tu? mi ningeshasahau 😂

baharia: Hiyo ni haki ya mja, yaani ya binadamu mwenzio, haiishii juu ya mswala. Kuacha, kujuta, kuazimia hutorudia, hayo matatu wewe na Mola wako. La nne urudishe, kama hayupo wape warithi.

mwana_langoni: Mwanawe auza palepale. Ntamwambiaje?

baharia: Hadithi ndefu ya nini, mwambie mamako alikuwa anidai, mpe, nunua na mahamri.