Hiace ya 1TR inazima ghafla ikipata moto, ikipoa inawaka. Ni pampu au umeme?

Kipanya_Mbagala

Wakuu, naomba msaada. Hiace ya petroli, injini 1TR-FE, gia za mkono. Asubuhi inawaka bila shida. Ikikaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, jua likiwa kali, inazima ghafla kama mtu kageuza funguo. Haimisi, haipungui nguvu. Starta inazungusha vizuri ila injini haishiki. Ukiiacha kama dakika 40 inawaka kana kwamba haijawahi kuumwa. Mshale wa joto hauvuki katikati. Mafundi wawili wamesema nibadili pampu ya mafuta kwa kuwa ukifungua swichi haisikiki ikilia. Ninunue, au kuna cha kupima kwanza?

FundiWaya

Mkuu, usinunue bado. Toyota nyingi za mfumo huu pampu hailii ukifungua swichi tu. Inalia starta ikizungusha, na inaendelea kulia pale tu kontroo boksi (kompyuta ya injini) inapopata ishara kwamba kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inazunguka. Ishara hiyo ikipotea, kontroo boksi inakata pampu, nozeli na moto wa plagi, vyote kwa mpigo. Hapo fundi mmoja anakuta nozeli hazimwagi mafuta, analaumu pampu. Mwingine anakuta plagi hazina moto, analaumu koili. Mafuta na moto vikipotea pamoja, tafuta kile kinachoviamuru vyote viwili. Kwa dalili ulizotaja, mimi naanza na sensa ya kranki, ndiyo inayotoa ishara hiyo.

Pampu inayochoka kwa joto mara nyingi inaaga kwanza: gari inakosa pumzi mlimani, inashtuka-shtuka, ndipo inazima. Yako haifanyi hivyo.

Ikizima tena ukiwa mwendoni, usikanyage klachi haraka. Gia ikiwa ndani, matairi bado yanaizungusha injini, kwa hiyo mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapaswa kushuka taratibu pamoja na mwendo. Ukidondoka sifuri papo hapo huku gari inatembea, ishara ya kranki imekatika. Ila usipampu breki, maana sevo (kisaidizi cha breki) inabakiza mikanyago michache tu. Washa hazadi na utoke barabarani, malori ya Mandela hayakusubiri.

Ukishasimama, pima hapo hapo kabla haijapoa. Kesho asubuhi gereji hakuna fundi atakayeona kitu. Unganisha kisoma-kodi (kifaa cha kusoma hitilafu za injini) kwenye simu, fungua ukurasa wa RPM, mtu apige starta sekunde 5. Injini nzima inasoma kati ya 150 na 300. Ikisoma 0 wakati starta inazungusha, ni sensa, waya wake au soketi yake. Usingoje kodi P0335 (hitilafu ya sensa ya kranki), mara nyingine haijiandiki kabisa.

Dereva_Kigamboni

Naongezea: kabla ya mashine, tazama dashibodi ikizima. Taa nyekundu za betri na oili zikiwaka, umeme wa swichi upo. Dashibodi nzima ikizimika, achana na sensa, kagua vichwa vya betri na swichi ya funguo. Taa za betri na oili zikiwaka lakini ya cheki injini haiwaki hata ukifungua swichi upya, kontroo boksi haipati umeme. Hapo ni fyuzi au rilei (swichi ya umeme) ya EFI, yaani mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta. Badilishana na rilei nyingine ya namba ileile kwenye boksi, dakika 2 unajua.

FundiWaya

Sahihi kabisa. Sensa yenyewe iko mbele ya injini kwa chini, karibu na puli ya kranki, imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Ina nyaya mbili, ndani ni koili ya waya mwembamba. Waya ukiwa na ufa, joto linautanua unaachana, ukipoa unagusana tena. Ndiyo maana dakika 40 "zinaiponya".

Ing'oe, ipime ohm (ukinzani wa umeme) kwa mita ikiwa baridi, uandike. Kisha iweke kwenye kikombe cha maji ya moto, soketi ibaki juu, kavu, huku mita imeunganishwa. Shaba inaongeza ohm kwa takriban asilimia 0.4 kila digrii. Kutoka digrii 30 hadi 90, ohm 2,000 zinapanda polepole hadi karibu 2,450. Hiyo ni afya. Ikiruka-ruka au mita ikaandika OL (waya umekatika), umeipata.

Ikipanda vizuri, usiirudishe ukaishia hapo. Fuatilia waya wake hadi kontroo boksi, hasa unapopita karibu na ekzosi. Tikisa soketi huku ukitazama mita.

Dizeli_Gongolamboto

Wenye Hiace za dizeli, injini 3L na 5L, msifuate hii, injini zile hazina sensa ya kranki ya kuendesha moto. Zikizima ghafla, nenda kwenye solenoidi ya kuzimia (vali ya umeme inayofungua na kukata dizeli) juu ya pampu ya dizeli: ipelekee volti 12 moja kwa moja toka betri. Ikigonga "tak" na injini ikawaka, umeme wa swichi haufiki. Ikigonga isiwake, toa maji kwenye filta ya dizeli, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Kipanya_Mbagala

Mrejesho wakuu. Imezima jana Buguruni, RPM kwenye simu 0 wakati wa starta, taa nyekundu zote zipo. Sensa baridi 1,980. Kwenye maji ya moto ikafika 2,210, ikaruka OL, ikarudi ilipopoa. Naenda Ilala. Nichukue mpya au used ya Japani?

FundiWaya

Yoyote, ila nenda na mita na chupa ya chai yenye maji yaliyochemka, uipime dukani kabla ya kulipa. Feki nyingi zinasoma vizuri baridi. Linganisha urefu wa ncha na ile ya zamani, ikizidi itagusa meno ya kranki. Futa unga wa chuma palipokaa sensa, paka oili pete ya mpira, bolti kaza kwa kiasi maana inashika kwenye aluminiamu. Waya funga mbali na ekzosi.