Naomba ushauri: nataka kitufe cha data kijitegemee

Wakuu, heshima kwenu. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, kitufe cha Wi-Fi na cha data viliunganishwa kuwa kimoja cha Intaneti. Nikitaka kuzima data lazima niguse, kidirisha kifunguke, halafu niguse tena. Sisi tunaonunua bando la siku tunawasha na kuzima kila saa, na naamini mwenye simu ndiye angepaswa kuchagua.

Nasikia kuna amri ya ADB (zana ya kutuma amri kwenye simu kutoka kompyuta) inayovitenganisha tena bila kuruti simu, yaani bila kufungua mamlaka kamili ya mfumo wake. Nani ameijaribu kwenye Android 13 au 14, ikakubali? Au kuna programu ya kuaminika inayoweka kitufe cha data peke yake? Isiwe ile inayoomba ruhusa ya kusoma meseji, tafadhali.